Miaka Miwili ya Karatasi

Uwanja wetu wa mpira hapa Shighatini umeinama. Upande wa juu umepakana na migomba, na upande wa chini unaishia kwenye mteremko unaoshuka hadi kwenye mashamba ya watu. Mtu akipiga shuti likapaa juu ya goli la chini, mchezo unasimama, na aliye mdogo kuliko wote anatumwa bondeni kuufuata mpira. Kwa miaka mingi aliyetumwa alikuwa mdogo wangu. Nasema kweli, ndugu msomaji, pumzi yake aliipata pale. Alikuwa akiushuka na kuupanda mteremko ule mara kumi kwa jioni moja, huku sisi wakubwa tumekaa kwenye nyasi tunamzomea kwamba anachelewa.

Jina lake sitalitaja. Ameniomba hivyo, nami nina deni kwake kubwa kuliko ombi hilo. Nitamwita mdogo wangu, na inatosha. Amezaliwa Februari 2003. Tarehe hiyo ishike vizuri, maana habari yote hii inaizunguka.

Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2016. Matokeo yalipotoka sikuwa na cha kumwonyesha mama isipokuwa Kiswahili. Basi nikapata kazi kwenye duka la steshenari: kuchapa barua za maombi, kudurufu vyeti, kutia vitambulisho nailoni. Jioni nilikuwa naandika riwaya. Naam, riwaya! Nilikuwa na madaftari matatu yaliyojaa wahusika ambao hakuna aliyewaomba wazaliwe. Mwaka 2018 mjomba alikuja kutoka Dar es Salaam na kompyuta ya mkononi aliyoichoka. Betri yake ilikuwa imekufa, bila waya wa umeme haiwaki, na kitufe cha herufi "k" kilikuwa kimeng'oka. Akanipa, akasema, "Andikia hicho kitabu chako, bwana." Ndani yake mjomba alikuwa amesahau gemu moja, Football Manager 2017. Riwaya ikalala. Mimi na mdogo wangu hatukulala.

Kwa asiyelijua, hili si gemu la kucheza mpira kwa vidole. Hupigi chenga wala danadana. Wewe ni meneja: unasajili, unapanga kikosi, unaamua nani aanze na nani akae benchi, unatuma maskauti, halafu unakaa pembeni unatazama. Lilianza mwaka 1992 kwa jina la Championship Manager, na waliolibuni ni ndugu wawili wa Kiingereza, Paul na Oliver Collyer, ambao walilitengeneza nyumbani kwao wakiwa vijana. Mdogo wangu aliipenda sana habari hiyo. "Si na sisi ni wawili, kaka?" aliniambia. "Tutashindwa nini?"

Utamu wa gemu lenyewe si kuwanunua mastaa. Mastaa mtu yeyote mwenye fedha ananunua. Utamu uko kwa makinda. Kila mwaka kuna siku moja klabu yako hupokea vijana wapya wa miaka 15 na 16, majina yametungwa na mashine, sura zimetungwa na mashine, nawe unakaa unawakagua kama mkulima anayechagua mbegu. Kila mmoja ana alama za kuanzia 1 hadi 20: kasi, pumzi, pasi, kumalizia, utulivu. Hizo unaziona. Lakini nyuma yake zipo namba mbili ambazo meneja haonyeshwi. Moja ni uwezo alionao mchezaji leo. Nyingine ni upeo, yaani mwisho wa pale anapoweza kufika maishani mwake. Zote mbili zinahesabiwa kati ya 1 na 200. Uwezo hupanda na kushuka, ila upeo haubadiliki. Kinda mwenye upeo wa 110, hata umletee makocha wa dunia nzima, hatavuka 110. Ameandikiwa.

Na mwenye upeo wa 180? Hapo ndipo wengi wanapokosea, nami nilikuwa wa kwanza. Upeo ni ahadi tu. Gemu limejaa vijana wa upeo mkubwa waliofikisha miaka 25 wakiwa hawajafika popote. Nilijifunza sababu zake moja baada ya nyingine, usiku baada ya usiku. Kijana akiwa bado hajafikisha miaka 18 anahitaji viwanja vizuri na makocha wazuri. Akivuka hapo anahitaji dakika za kucheza, tena dakika za kweli dhidi ya watu wanaomzidi kidogo. Ukimweka klabu kubwa akakaa benchi, anadumaa. Ukimrusha kwenye ligi ngumu mno kabla ya wakati, napo anapotea. Tabia yake ina uzito pia: kuna alama za siri za nidhamu ya kazi na za hamu ya kufika mbali, na kijana mwenye miguu ya dhahabu lakini mvivu atapitwa na wa kawaida anayejituma. Inasaidia kumweka karibu na mchezaji mkongwe mwenye tabia njema, maana tabia huambukiza. Na goti likivunjika, basi tena.

Mdogo wangu alikuwa winga wa kushoto. Alikuwa na kasi, na alikuwa na kitu kingine ambacho sijui nikiiteje: akiupokea mpira alitulia, kama mtu aliyefika kwake. Wazee waliokuwa wakipita na mizigo ya majani ya ng'ombe walikuwa wanasimama kumtazama. Mimi kaka yake nilijua kwa hakika kwamba ana upeo wa 180. Nani aliniambia? Hakuna. Nilijua tu, kama unavyojua jambo unalotaka liwe kweli.

Sasa, pembeni ya gemu kuna programu nyingine ndogo inayokuruhusu kufungua daftari kuu la wachezaji na kuandika umtakaye. Katika toleo letu bara zima la Afrika lilikuwa na ligi moja tu ya kuchezeka, ya Afrika Kusini. Ya kwetu ya Simba na Yanga haikuwemo. Kwa hiyo nilimtafutia mdogo wangu kazi Ulaya. Wakati huo Mbwana Samatta alikuwa KRC Genk kule Ubelgiji, na nchi nzima ilikuwa na Genk yake moyoni. Nikamwandika pale: jina, urefu, mguu wa kushoto, Mtanzania, amezaliwa Februari 2003. Upeo: 180. Yeye amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, kidevu begani kwangu, anasema, "Kasi niongezee, kaka. Hiyo 15 umeninyima."

Ni ajabu jinsi kijana anavyofurahi kuliona jina lake katika orodha. Kila jioni alikuja na swali lile lile: "Leo nimecheza?"

Mara nyingi hakuwa amecheza. Nilikuwa meneja wa Genk, nilitaka ubingwa, na kinda wa miaka 16 hana nafasi mbele ya watu wazima. Misimu ikapita. Akafika miaka 20 na uwezo wa 96. Uwezo 96, upeo 180! Nilikasirika, nikafuta kila kitu nikaanza upya. Safari hii nilimpeleka kwa mkopo klabu ndogo ya daraja la chini, huko akacheza mechi thelathini na kitu kwa msimu, akaanguka, akainuka, na alipofikisha miaka 21 alikuwa ameshafika 140. Somo lilikuwa wazi mbele ya macho yangu. Lakini mtu anaweza kulisoma somo na asilifuate.

Mwaka 2019 ulikuwa mwaka wa vijana. Mwezi Aprili fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilichezwa hapa hapa nchini, Dar es Salaam. Tulijazana kwenye banda la kuonyeshea mpira kuwatazama Serengeti Boys. Mechi ya ufunguzi dhidi ya Nigeria ilikwisha 5-4, tukafungwa. Uganda wakatufunga 3-0, Angola 4-2. Tukatoka bila pointi hata moja. Lakini nani alijali? Walikuwepo vijana kama Kelvin John, ambaye watu walimbandika jina la Mbappe, na miaka miwili baadaye, mwaka 2021, kweli alikwenda Genk. Mdogo wangu alikuwa na miaka 16, umri ule ule wao. Usiku ule tulirudi nyumbani gizani, yeye ametangulia mbele na tochi, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu njia nzima.

Miezi miwili baadaye akaja mtu. Sitamtaja jina wala kituo chake. Alikuwa anazunguka kutafuta vijana wa kupeleka kwenye mashindano ya chini ya miaka 15. Alimtazama mdogo wangu kwa nusu saa kwenye uwanja wetu ulioinama, halafu akaja kwangu, kwa kuwa nilikuwa kaka yake na baba yetu ni marehemu.

"Huyu dogo ana miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

Akatikisa kichwa taratibu, kama daktari. "Mkubwa. Kumi na sita wapo wengi. Angekuwa na kumi na nne, bwana mdogo, ningeondoka naye leo." Kisha akanitazama. "Si wewe ndiye unayefanya kazi pale steshenari?"

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuwa na haja.

Usiku ule niliwasha kompyuta. Nikafungua daftari kuu, nikalitafuta jina la mdogo wangu, nikabadilisha tarakimu moja tu: 2003 ikawa 2005. Alama zake zote nikaziacha kama zilivyokuwa. Kasi ile ile, mguu ule ule. Nikaanzisha mchezo. Msomaji, usiombe kuona! Thamani yake ilipanda. Ripoti za maskauti zikamsifu kuliko mwanzo. Klabu ambazo hazikuwahi kumuuliza zikaanza kumuulizia. Mchezaji alikuwa yule yule, kilichopungua ni miaka miwili tu. Mashine ilikuwa inaniambia jambo ambalo yule bwana alishaniambia kwa kutikisa kichwa: mpirani miaka ni fedha, na aliye nayo mingi mbele yake ndiye tajiri.

Mdogo wangu alikuwa nyuma yangu kwenye ndoo yake. Akauliza, "Kwani inawezekana?"

Nilijua anachouliza. Hakuwa anauliza habari za gemu.

Kesho yake, wenye duka walipokwenda kula, nilifanya kwenye karatasi kile nilichofanya usiku kwenye skrini. Sitaeleza namna. Nitasema tu kwamba haikuchukua hata dakika ishirini, na kwamba mkono wangu haukutetemeka. Huo ndio ukweli unaoniuma hadi leo. Nilikuwa nimezoea kuwapa wahusika wangu wa riwaya umri niutakao. Huyu nilimwongezea kumi, yule nikampunguzia mitano ili ndoa yake iwezekane. Nikamfanya mdogo wangu, mtu wa nyama na damu, kuwa mhusika.

Mama hakuambiwa. Aliambiwa kwamba mwanawe amepata nafasi Moshi, atasoma huko huko na kucheza. Akauza mbuzi, akamnunulia viatu vya mpira na blanketi. Nilimsindikiza hadi Mwanga mjini, penye barabara kuu. Gari lilipoondoka alitoa mkono dirishani, akaninyooshea vidole viwili. Nilidhani ni alama ya ushindi. Kumbe alikuwa akinikumbusha: miwili.

Mwanzo habari zilikuwa tamu. Kwenye mashindano alitamba. Na kwa nini asitambe? Alikuwa kijana wa miaka 16 anakimbizana na watoto wa 14. Aliwazidi pumzi, aliwazidi mabega. Watu wa mpira wana neno lao kwa mchezaji wa namna hiyo, wanamwita kijeba. Wakati ule neno hilo lilituchekesha.

Halafu yakaanza matatizo ambayo hakuna meneja wa gemu aliyewahi kuyaona. La kwanza lilikuwa shule. Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu. Karatasi yake mpya ilisema ana miaka 14, na mtoto wa 14 wa kwetu, akiwahi sana, yuko kidato cha kwanza au cha pili. Vyeti vyake vya shule vilikuwa na mwaka wa kweli. Kwa hiyo havikuweza kutolewa, na bila vyeti hakuna shule iliyompokea. "Tutashughulikia," waliambiwa yeye na wenzake wawili wenye hali kama yake. Hapakushughulikiwa kitu. Asubuhi wenzao walivaa sare wakaenda darasani, wao watatu walibaki wanafua jezi.

La pili nililielewa baadaye sana. Alidumaa. Mwaka mzima alicheza na watoto wadogo kuliko yeye, akawapita kwa mbio tu. Hakulazimika kufikiri. Ile hali ya kutulia na mpira, iliyowasimamisha wazee na mizigo yao ya majani, ikamtoka, kwa sababu hakuihitaji. Mtu anayeshinda kwa mabega hana sababu ya kujifunza pasi. Nilikuwa nimemwonea huruma yule wa kwenye skrini aliyedumaa benchi kwa kukosa ushindani, huku wa kweli nimempeleka mahali pasipo na ushindani kabisa.

La tatu ni uongo wenyewe. Alinisimulia alivyokuwa analala. Mtu akimuuliza, "Wewe ulimaliza darasa la saba mwaka gani?" ilimbidi ahesabu kwanza. Birthdei yake akaacha kuitaja. Wenzake walipozungumzia mambo ya utotoni yeye alinyamaza, asije akakumbuka tukio la mwaka ambao kwa karatasi yake alikuwa mchanga mno kuukumbuka.

Machi 2020 ikaja korona. Shule zilifungwa, michezo ikasimamishwa nchi nzima, vijana wakarudishwa makwao. Mdogo wangu alirudi Shighatini na begi lile lile. Mama alimpokea kwa makande na furaha. Siku ya tatu akamuuliza atarudi lini shule, yuko kidato cha ngapi sasa. Akatutazama mmoja mmoja. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Mimi ndiye niliyesema.

Mama hakupiga kelele. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Huyu nimembeba mgongoni miaka miwili, nikipanda na kushuka hii milima. Hiyo miwili ndiyo mliyoifuta?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata hadi leo.

Mwezi Juni mpira uliporuhusiwa tena, alirudi kituoni kwa kuwa hakuwa na kwingine pa kwenda. Shule za kweli zilikuwa zimempita. Haukupita mwaka. Mwanzoni mwa 2021 kwenye mechi moja alikuwepo mzazi mmoja wa huku kwetu, akamwona, akasema mbele ya watu bila ubaya wowote, "Huyu si alimaliza la saba na mwanangu mwaka 2016?" Ikawa imekwisha. Yule bwana aliyetikisa kichwa kama daktari akasema amedanganywa na familia. Mdogo wangu akafukuzwa kama mwizi. Alishuka kwenye gari Mwanga usiku, akapanda mlima kwa miguu, akafika nyumbani alfajiri. Alikuwa na miaka 18 kamili, hana cheti cha kidato cha nne, hana klabu.

Nilimpa miaka miwili ya karatasi. Nilimnyang'anya miwili ya kweli.

Tangu hapo nimesoma sana habari za makinda, pengine kwa kutafuta wa kushirikiana nao aibu. Nikakuta kwamba hata walioandika lile daftari kuu waliwahi kukosea vibaya. Mashabiki wa Championship Manager ya miaka ya mwanzo ya 2000 hawamsahau Tonton Zola Moukoko. Alizaliwa Kinshasa, akakulia Uswidi, akasajiliwa na Derby County ya Uingereza akiwa mtoto. Ndani ya gemu alikuwa hashikiki. Maishani akafiwa na kaka yake, moyo ukavunjika, na hakuwahi kufika kule gemu lilikomfikisha. Yupo pia Cherno Samba wa Gambia, aliyekuwa Millwall. Kwenye kompyuta alikuwa mshambuliaji wa kutisha dunia, lakini maishani akawa mchezaji wa kawaida mwenye jina kubwa kuliko njia aliyopita. Hakuna safu ya kuandika msiba katika lile daftari. Hakuna safu ya kuandika kaka.

Kwa upande wa pili yupo Samatta mwenyewe. Alizaliwa mwaka 1992, akapitia African Lyon na Simba. Mwaka 2011 TP Mazembe ya Lubumbashi ilimwona akiichezea Simba dhidi yao, ikamchukua. Akakaa kule Kongo hadi Januari 2016. Miaka karibu mitano ya kucheza, kila wiki, hadi kutwaa ubingwa wa Afrika wa klabu mwaka 2015. Alipokwenda Genk alikuwa na miaka 23. Alipofunga bao lake katika Ligi Kuu ya Uingereza akiwa na Aston Villa, Februari 2020, Mtanzania wa kwanza kufanya hivyo, alikuwa na miaka 27. Skauti wa kwenye gemu angemwona akiwa na 19 Lubumbashi angesema amechelewa. Hakuchelewa. Alikuwa anacheza.

Na habari za kufoji umri si zetu peke yetu hapa mlimani. Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za 2005, wakaondolewa kwa ajili ya mchezaji aliyezidi umri. Fainali za 2017 kule Gabon tukaingia sisi, baada ya Kongo-Brazzaville kushindwa kumpeleka mchezaji wao akapimwe. Tangu Kombe la Dunia la vijana la 2009, FIFA hupima mifupa ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Nimefikiri sana juu ya mashine ile. Mfupa nao una daftari lake, na steshenari haiwezi kulifikia.

Mtu ataniuliza: je, kama usingeandika ile karatasi, angekuwa mchezaji? Sijui. Labda angebaki hapa, akamaliza kidato cha nne, akacheza ndondo za Mwanga, akaonekana au asionekane. Niliamini upeo ni kitu kilichofichwa ndani ya mtu, na kazi yetu ni kukifungulia mlango kwa ufunguo wowote, hata wa bandia. Sasa naona kilichokuwa kikimkuza hakikuwa kile. Ni ule mteremko. Ni sisi wakubwa tuliomzidi kidogo, tukamlazimisha afikiri. Ni jioni baada ya jioni, kila moja kwa umri wake.

Kompyuta ya mjomba imeshakufa. Iliondoka na riwaya yangu nusu na mdogo wangu wa 2005. Siwalilii wote wawili. Riwaya naiandika upya, kwa kalamu, na mhusika wangu mkuu safari hii nimempa umri mmoja na simbadilishii, hata sura zikinigomea.

Mdogo wangu ana miaka zaidi ya ishirini sasa. Anaendesha bodaboda, na amejiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mara tatu kwa wiki anawafundisha mpira watoto kwenye ule uwanja ulioinama. Hakuwahi kunitukana. Nilipomwomba radhi alisema, "Kaka, na mimi nilikuwepo kwenye ndoo." Nilitamani anitukane.

Mwezi uliopita alikuja steshenari, akaomba nimtengenezee daftari la timu: jina, tarehe ya kuzaliwa, shule. Akataka niliandike mimi mwenyewe, uwanjani, kwa sababu hati yangu ni nzuri. Nikakaa kwenye jiwe, watoto wakapanga mstari, kila mmoja na kadi yake ya kliniki mkononi. Kijana mmoja mwembamba, mwenye mguu wa kushoto, aliinama akaninong'oneza, "Niandikie kumi na moja." Kadi yake ilisema kumi na tatu.

Nikanyanyua macho. Mdogo wangu alikuwa amesikia.

"Andika kumi na tatu," akasema. Kisha akamgeukia mtoto. "Na wewe, mpira umekwenda bondeni. Kaufuate."